Sahani Hairudi Tupu: Sikukuu Zetu Katika Kisiwa cha Kos



Mhariri ameniandikia akinitaka nieleze maisha yangu huku Ugiriki. "Kurasa chache tu, mwalimu, usizidishe." Nimekubali kwa sababu moja. Tangu alipofariki bwana wangu, mwanzoni mwa Novemba 2022, kila simu inayonijia huja na swali lile lile: "Sasa umebaki na nani huko?" Wengine huliuliza kwa huruma, wengine kwa lawama, na binti yangu aliyeko Maskati huliuliza huku analia. Nimechoka kulijibu vipande vipande. Hapa nitalijibu mara moja, na atakayeuliza tena nitamwambia akasome kitabu.

Kwanza niwajulishe kisiwa chenyewe, maana wapo kati yenu wanaodhani ninaishi Saiprasi. Kos ni kimoja katika visiwa vya Dodekanesi, pembezoni kabisa mwa Ugiriki upande wa mashariki. Ukisimama pwani unaiona Uturuki ng'ambo, na usiku unaziona taa za mji wa Bodrum. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu zaidi ya watu 37,000 kisiwa kizima. Mji ni tambarare, basi kila mtu ana baiskeli yake, hata vikongwe. Hapa ndipo alipozaliwa Hippocrates, yule tabibu wa kale tuliyesomeshwa habari zake. Wakati wa joto watalii ni wengi hata huwezi kuvuka barabara. Mwisho wa Oktoba hoteli hufungwa, na mji hutulia mpaka karibu na Aprili. Julai na Agosti huvuma upepo mkali kutoka kaskazini uitwao meltemi. Bwana wangu alikuwa akiuita "kaskazi iliyopotea njia," kwa kuwa kaskazi yetu sisi ni ya Disemba.

Tulifikaje? Wengi wenu mnajua kwamba marehemu alikuwa fundi wa mashine katika meli za Wagiriki kwa zaidi ya miaka 20. Tulihama Unguja mwaka 1989, tukakaa London, mimi nikafundisha, yeye akawa huenda na kurudi. Katika chumba cha mashine alipata rafiki, mtu wa Kos, wakala chumvi moja miaka mingi. Walipostaafu wote wawili, yule rafiki akamwambia, "Kuna nyumba ndogo karibu na kwangu, ina mkomamanga na mtini." Kwa mtu aliyechoka na mvua za London, hayo yalitosha. Tulihamia mwaka 2014, wakati Uingereza ingali ndani ya Umoja wa Ulaya. Ilipotoka, tarehe 31 Januari 2020, sisi tuliokuwa tumekwisha kukaa tuliruhusiwa kubaki kwa vibali vipya.

Siku ya tatu baada ya kuhamia, alibisha hodi bikizee aliyevaa nguo nyeusi tangu kitambaa cha kichwa hadi viatu. Mkononi ana sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu, imejaa tini mbivu. Mtaa mzima humwita Yiayia, yaani Bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Mimi sikuwa na neno la Kigiriki zaidi ya "kalimera." Nilipokea tini, nikashukuru kwa mkono kifuani.

Nanyi mnajua tulivyolelewa: sahani ya jirani hairudi tupu. Jioni ile nilichanganya unga, nikauacha uumuke, nikapika kaimati, nikazimwagia shira. Yiayia alipofunua akapiga kelele, "Loukoumades!" Kumbe nao wanazo, umbo lile lile na shira ile ile, ila wao hupenda asali na mdalasini juu. Baadaye nilitafuta asili ya neno, kama ilivyo desturi ya walimu. Luqma kwa Kiarabu ni tonge. Waturuki wakaita lokma, Wagiriki wakapata loukoumades, nasi kwa njia yetu tukapata kaimati. Tonge moja limezunguka bahari mbili, likakutana jikoni kwangu.

Lakini msidhani mambo yalikwenda kama shira. Krismasi ya mwaka ule ule Yiayia alileta kourabiedes, vileja vyao vya siagi na lozi, vyeupe kwa sukari ya unga. Nilimwuliza bwana wangu amwulize kama vina kileo. Akajibu kwa furaha kwamba ndiyo, kijiko cha brandi, ndicho kinachovipa harufu. Mimi, kwa haraka ya moyo, nikavimimina vyote kwenye karatasi nikamrudishia, na sahani nikaiosha nikampa mkononi. Tupu. Nilidhani nimelinda dini yangu. Kwa muda wa wiki mbili Yiayia hakunisalimu. Akipita, anatazama ukuta.

Bwana wangu alinambia jambo ambalo sijalisahau. "Kukataa kileo ni haki yako. Kurudisha sahani tupu nani kakufundisha?" Nilinyamaza. Siku ya pili nilipika mkate wa kumimina, nikaenda naye awe mkalimani wangu, nikamweleza Yiayia kwamba kileo kwetu ni haramu hata tone, wala sikumdharau. Akanisikiliza. Kisha akasema, "Ungesema, mwanangu. Brandi si lazima." Toka Krismasi iliyofuata hunipikia vyangu mbali, hutia maji ya maua ya mchungwa, na huvibandikia kipande cha karatasi: "Vya daskala." Daskala ni mwalimu. Ndilo jina langu mtaani.

Kutoka hapo tukaingia katika mzunguko wa sikukuu zao, nao wakaingia katika zetu. Wagiriki wana sikukuu nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Mtu mzima hajali sana siku aliyozaliwa. Hujali siku ya jina. Wote waitwao Yorgos husherehekea tarehe 23 Aprili, isipokuwa siku hiyo ikiangukia ndani ya mfungo, ndipo husogezwa baada ya Pasaka. Kina Konstantinos na kina Eleni ni tarehe 21 Mei. Mwenye siku ndiye anayekirimu, si anayekirimiwa, nanyi mnaokwenda mnasema, "Chronia polla," miaka mingi. Mwaka mpya hukata mkate mtamu wenye sarafu ndani, kila mtu kipande chake. Mwaka 2022 sarafu ilimwangukia bwana wangu. Akaitia mfukoni mwa kanzu yake, na mpaka leo imo. Tarehe 6 Januari kasisi hutupa msalaba baharini na vijana huupigia mbizi katika baridi. Mwanzo wa mfungo wao watoto hurusha tiara. Tarehe 7 Machi wanafunzi hupita na bendera kukumbuka siku ya mwaka 1948 visiwa hivi vilipounganishwa rasmi na Ugiriki. Hapo mimi, kwa ualimu wangu, siachi kwenda kutazama nani kavaa soksi zisizolingana.

Waliniuliza zamani mtakatifu wa jina langu ni nani. Nikasema sina. Wakashauriana, wakaamua siku yangu ya jina ni Idi.

Na Idi tunayo, jamaa zangu, msidhani hatuna. Karibu kilomita mbili kutoka mjini, katika njia iendayo kwenye magofu ya Asklepieion, kuna kijiji cha Platani. Humo wanakaa Waislamu wa kisiwa hiki, wasemao Kituruki na Kigiriki. Mwaka 1923, Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana watu, visiwa hivi vilikuwa chini ya Italia tangu 1912, kwa hiyo wao hawakuhamishwa. Wakabaki na msikiti wao na makaburi yao. Sisi wageni kutoka mbali tumeegemea ukuta walioujenga wao.

Bwana wangu alifariki nyumbani alfajiri, wakati nyavu zimetandikwa chini ya mizeituni na watu wanavuna. Watoto walikuwa mbali, na wakati ule wa mwaka ndege zilizobaki ni za kupitia Athens. Nilimpigia rafiki yake wa meli. Alifika na viatu vya shambani, akakaa chini mlangoni kama mtoto, kisha akainuka akaenda Platani kumwita imamu. Walikuja wanaume watatu, wakamwosha, wakamkafini. Rafiki yake, Mkristo, alisimama ukumbini muda wote na kofia mkononi, na ulipofika wakati wa kubeba jeneza akauliza kama inajuzu naye atie bega. Imamu akamwambia, "Tia." Alizikwa Platani kesho yake baada ya Adhuhuri. Watu wa mtaa wetu walikuja mpaka ukuta wa makaburi, wakaniambia mmoja mmoja, "Zoi se sas." Maana yake, uhai uwe kwenu. Kijana wangu wa Leicester aliwahi usiku wa kuamkia maziko. Binti yangu alifika siku ya pili yake, hakumwona baba yake. Hilo ndilo linalomliza mpaka leo, nami simlaumu.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, kizuka katika nchi ya watu. Watoto walitaka nihame nao mara moja. Nikasema eda hukaliwa katika nyumba alimoniacha mume wangu. Wakakaa wiki mbili, kazi zikawaita, wakarudi. Ndipo niliposikia ukimya wa nyumba.

Yiayia alikuja kila siku saa kumi za jioni. Hakuwa na maneno mengi. Anakaa, anafuma, ananywa kahawa, anaondoka kabla ya Magharibi. Yeye ni mtu wa Kalymnos, kisiwa cha jirani cha wazamia sifongo, aliolewa hapa Kos, na mumewe alikufa miaka mingi iliyopita. Tangu hapo hajavaa rangi. Siku moja aliniuliza nitavaa hivi hadi lini. Nilimhesabia kwa vidole: miezi minne, siku kumi. Akafikiri, kisha akasema, "Ninyi Mungu amewahesabia siku. Sisi wanatuhesabia majirani." Tukacheka, vizuka wawili, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Mke wa rafiki wa marehemu alininunulia mboga sokoni kila Jumamosi, na hata mara moja hakukubali nimrudishie fedha mbele ya mlango; eti mtaa utaona.

Siku ya arobaini sikumwambia mtu. Niliamka, nikasoma Yasini, nikamwombea. Saa nne asubuhi hodi. Yiayia ana ile sahani ya ukingo wa buluu, na ndani yake koliva: ngano iliyochemshwa, sukari, zabibu kavu, lozi, mdalasini, na punje za komamanga juu. Hicho ndicho chakula chao cha kuwakumbukia wafu, na siku yao kubwa baada ya maziko ni hiyo hiyo ya arobaini. Alikuwa amezihesabu. Akanambia, "Kanisani sikukipeleka. Najua si wenu. Nimempikia tu, kwa kuwa alikuwa akinisalimu." Komamanga lenyewe lilitoka kwenye mti wangu, alikuwa ameliweka tangu vuli. Enyi jamaa, mimi nimehudhuria hitma nyingi Unguja, za matajiri na za masikini, na nasema pale nilipata hitma yangu. Sahani niliirudisha na visheti.

Eda ilikwisha wiki moja kabla ya Ramadhani, nayo ilianza tarehe 23 Machi 2023. Mwaka ule mifungo miwili ilikutana. Wao walikuwa ndani ya mfungo wao tangu mwisho wa Februari: hawali nyama, wala maziwa, wala mayai, lakini pweza na ngisi ruhusa, na kahawa wakati wowote. Yiayia kila mwaka huniuliza, "Hata maji?" Hata maji, Yiayia. Hutikisa kichwa. Kisha mimi humwuliza, "Miezi miwili kasoro bila siagi?" nami nikatikisa changu. Jioni nilifuturu peke yangu, kwa tende mbili na uji. Hapo, nawaambieni kweli, nilivunjika. Meza ya watu wawili akikaa mmoja haikaliki. Usiku mmoja nilimpigia binti yangu nikamwambia, "Nitafutie tiketi. Baada ya Idi naja, na nyumba tutaiuza."

Pasaka yao iliangukia Jumapili tarehe 16 Aprili, na kwetu ulikuwa usiku wa 25 Ramadhani, mmoja wa zile usiku za witiri tunazoutafutia Lailatul-Qadri. Nilikuwa kwenye msala. Saa sita kengele zikalia kisiwa kizima, fataki zikapasuka, na watu wakaanza kurudi kutoka kanisani na mishumaa mikononi, kila mmoja akiukinga moto wake na upepo ili aufikishe nyumbani ungali unawaka. Kule nyumbani huchora alama ya msalaba kwa moshi juu ya mlango. Nilichungulia dirishani. Rafiki wa marehemu alifika kwenye mlango wangu, akasimama kidogo na mshumaa wake, akainamisha kichwa, akapita. Hakuchora kitu. Anaujua mpaka wangu, nami naujua wake. Na ndani ya mipaka hiyo tumekaa miaka hiyo yote bila ya kugombana.

Idi ikawa Ijumaa tarehe 21. Nilikusudia nisifanye kitu: nisali, nizuru kaburi, nirudi nifunge mlango. Alhamisi usiku Yiayia akabisha. "Kesho ni siku ya jina lako. Viti nilete vingapi?"

Viti. Sikuwa na jibu. Nikasema, "Kumi."

Niliteremsha sufuria kubwa ambayo marehemu pekee ndiye aliyeweza kuinyanyua. Nyama nilinunua Platani. Pilau ilipoanza kunukia bizari, nilijiona nipo Unguja siku ya sikukuu mosi, watoto wanavaa nguo mpya kwenda Mnazi Mmoja. Baada ya Sala ya Ijumaa wakaja: Yiayia na viti vyake, rafiki wa marehemu na mkewe, mjane wa Platani na sinia la baklava, mama mmoja wa Kiholanzi, mstaafu kama mimi, aliyekuwa na maua, na fundi mwashi wa Kialbania na mkewe na watoto watatu, ambao niliwapa mkono wa Idi, yuro moja moja, nao wakabusu mkono wangu bila kufundishwa. Mvinyo hakuleta mtu, wala sijapata kuwaomba wasilete.

Tulipokwisha kula, mke wa rafiki akatoa kikapu. Ndani yake mna mayai mekundu ya Pasaka na mkate mtamu uliosukwa kama nywele. Akasema, "Siku yetu ulikuwa umefunga. Tukakuwekea." Kwa siku tano waliwakataza wajukuu wasiyaguse. Mnajua mchezo wao: kila mmoja hushika yai lake, mnagonganisha, na yai lisilovunjika ndiye mwenye bahati ya mwaka. Bwana wangu alikuwa bingwa wa mtaa. Wakimshuku kwamba ana yai la mbao. Yiayia akanipa la kwangu, tukagonganisha. Lake likavunjika. Kisha la fundi, na la mama wa Kiholanzi. Langu lilibaki zima, na rafiki wa marehemu akageuka ukutani akajipangusa macho.

Usiku ule nilimpigia binti yangu. Tiketi nilikwenda nayo, nikakaa Maskati miezi miwili, nikashiba wajukuu. Nyumba sikuuza.

Siwadanganyi kwamba ni rahisi. Masika yao ya baridi ni marefu. Upepo ukikaza meli zinazuiliwa bandarini na sokoni nyanya hupanda bei. Karatasi za kibali zina mihuri mingi. Na kuna jioni ambazo ningetoa dhahabu zangu zote ili nimpate mtu wa kusema naye Kiswahili dakika kumi. Nayo ni haki ya binti yangu kuniuliza nikiugua je. Tumeafikiana: siku nitakayoshindwa kupanda baiskeli hadi Platani kumzuru baba yake, nitakwenda kwake bila ya ubishi.

Basi hilo ndilo jibu langu. Mnauliza nimebaki na nani. Nimebaki na wanaozihesabu siku zangu.

Juzi Yiayia, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, aliniletea tini za kwanza za mwaka. Ninapoandika haya, sahani ya ukingo wa buluu ipo mezani mbele yangu, imeoshwa, na unga wa kaimati unaumuka jikoni. Atakayetaka kuja kunitazama, karibu. Chumba kipo, na viti tunaazima jirani. Mwombeeni marehemu, nami mniombee.

Wassalaam.